Kisanduku cha Hapana

Siku ile mjinga alikuwa Karani, na afadhali tukiri mapema tusije tukazunguka ukurasa mzima tukimtafuta mwingine. Hakuwa mama wa binti, hakuwa afisa wa chuo, wala haikuwa ile kompyuta ya dukani ambayo baadaye alijaribu kuitwisha mzigo. Ni yeye. Tena alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mara mbili, kola imesimama kama askari wa gwaride, akidhani anakwenda kuokoa mtu.

Waliketi kwenye benchi la mbao katika korido ya ofisi ya udahili, yeye na Marudio, na katikati yao kulikuwa na bahasha. Haikuwa kubwa. Lakini wiki iliyopita tu magoti ya watu hawa wawili yalikuwa yakigusana popote walipoketi, na leo bahasha ile iliwatenga kama mto uliofurika.

Barua iliyokuwa ndani yake Marudio alikwisha kuisoma mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Ilisema maombi yake ya kusomea ufamasia yamefutwa kwa kutoa taarifa isiyo ya kweli katika kipengele cha saba, na kwamba haruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitatu. Ilikuwa na mistari minne tu. Chini yake palikuwa na saini iliyoonyesha kwamba mwenyewe alikuwa na haraka ya kwenda kula.

"Kipengele cha saba ndicho kile cha kurudia mtihani," Marudio alisema, macho yake sakafuni.

"Ndicho."

"Na ni wewe uliyekijaza."

"Kidole kitakuwa kiliteleza. Nitawaeleza."

Akamgeukia. Macho ya Marudio yalikuwa makubwa, na yalikuwa na tabia moja iliyomnyima Karani usingizi tangu siku ya kwanza: yakikutazama, yanakuamini kwanza, maswali baadaye. Yakamwamini. Karani akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Tuseme walivyokutana, maana bila hilo mtu hataona ukubwa wa jambo.

Karani alikuwa mtu wa duka la kopi. Alitoa nakala, alichapa barua, aliviweka vyeti ndani ya plastiki, na kila mwaka msimu wa maombi ulipofika alijaza fomu za vyuo kwenye kompyuta kwa ajili ya wale waliozihofia. Duka lilikuwa la shangazi yake, mpiga taipu wa zamani aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Ukutani kilining'inia cheti cha kuwa kituo kinachotambuliwa cha kujazia fomu, kikiwa na jina la Shangazi kwa herufi nene. Karani alikuwa na mdomo. Wateja walikuja na shida wakaondoka wakicheka, na wengine walirudi kutoa kopi ya karatasi waliyokwisha kuitoa kopi.

Siku moja akaingia binti na vyeti viwili vya matokeo. Cha kwanza kilikuwa kibaya. Mwaka ule mama yake, mfagiaji wa wodi, alilazwa kwa upasuaji katika hospitali ileile aliyokuwa akiifagia, na binti akawa analala chini ya kitanda cha mgonjwa, anatoka hapo kwenda chumba cha mtihani. Kemia ilimtupa. Akarudia mwaka uliofuata akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, akasoma peke yake jikoni, na cheti cha pili kilikuwa kizuri kiasi kwamba Karani alikiangalia mara mbili kama kimeghushiwa.

Mtaani walikwisha kumpa jina, Marudio, lakini walilitaja kwa kunong'ona, kama watajavyo ugonjwa. Karani alilitaja kwa sauti.

"Karibu, Bi Marudio. Kopi ngapi, au na zenyewe tuzirudie?"

Duka zima lilinyamaza. Binti akacheka mpaka akashika meza. Baadaye, walipokuwa wakifuatana jioni hadi kona ya kwao, alimwambia kwamba ndipo alipoanza kumpenda. Watu wote walikuwa wakiizunguka aibu yake kwa ncha za vidole, akasema, na yeye peke yake aliikanyaga kwa mguu mzima, naye binti akaona kumbe si shimo.

Siku ya kujaza fomu Karani alimpiga picha za pasipoti. Picha hutoka nne, fomu inataka tatu. Ile ya nne Karani aliitia kwenye pochi yake bila kuomba. Marudio aliona, akageuza uso upande wa dirisha ili asionekane akitabasamu.

Pingamizi zilikuwepo, tena za pande zote mbili. Mama wa Marudio alikuwa amemtazama Karani mara moja tu akichekesha watu dukani, akarudi nyumbani akamwambia binti yake kwamba mtu wa maneno mengi mkabidhi ndoo, usimkabidhi kisima. Na Shangazi, aliposikia kuna binti, aliuliza swali moja tu: si yule aliyefeli? Kwake aliyefeli mara moja ana kidonda, na hata kikipona kovu lipo, na yeye hataki mkwe wa kuelezewa kwa watu.

Hapo ndipo mtu wa maneno mengi alipoyatumia vibaya. Alimwambia Shangazi kwamba huyo ni binti mwingine. Huyu wake alifaulu safari ya kwanza. Jina la Marudio alimpa yeye mwenyewe, kwa utani, kwa kuwa alikuwa akirudirudi dukani. Shangazi akaridhika. Akasema mwezi wa mavuno ukipita ataenda kwa mama yake binti, wajuane.

"Mwombaji wa kipengele cha saba," sauti iliita kutoka ndani.

Afisa wa udahili alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi mweusi, meza imejaa mafaili hadi yeye mwenyewe alionekana kama faili lililosimamishwa. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali, labda mambo yangekuwa mepesi. Aliwakaribisha viti, akalifungua jalada, akaeleza taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Vyuo havifanani, alisema. Kuna vinavyomkataa aliyerudia mtihani mara tu vinapomwona, hasa kwa masomo ya afya. Kuna visivyojali umefanya mara ngapi. Chuo hiki kiko katikati: aliyerudia anapokewa, ila anatakiwa awe na alama mbili zaidi ya kiwango cha wale wa safari ya kwanza, na aandike barua fupi ya kueleza kilichotokea. Ni uonevu kidogo, alikiri mwenyewe, lakini ndivyo ilivyopitishwa. Wasichokisamehe ni kuficha. Baraza la mitihani huwaletea namba zote za kila mtahiniwa, za miaka yote, kwa hiyo anayeficha anajificha nyuma ya kioo.

"Wewe binti," alisema, akivaa miwani, "ulihitaji alama mbili za ziada. Unazo tatu."

Akaligeuza jalada ili Marudio azione.

"Ungejaza ndiyo, leo ungekuwa unatafuta godoro la bweni."

Mkono wa Marudio ulikuwa juu ya paja, karibu kabisa na mkono wa Karani. Ulijikunja taratibu, kidole kwa kidole, mpaka ukawa ngumi.

Lakini afisa alikuwa hajamaliza. Alisema nafasi bado haijapewa mtu, na kamati inakaa leo saa nane. Fomu hii ilijazwa kituoni. Ikiwa aliyeijaza atakiri kwa maandishi kwamba alijua ukweli na kosa ni lake, basi lawama itahama, binti atabaki msafi na ataingia darasani wiki ijayo. Kituo kitafungiwa mwaka mzima, na mwenye kituo ataandikiwa barua ya kuelezwa sababu.

"Ni yeye aliyejaza," Marudio alisema, na sauti yake ilipata pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ndiyo maana amekuja."

Afisa akamwomba atoke. Maelezo ya shahidi huandikwa mwombaji akiwa nje. Alipokuwa akisimama, Marudio aliligusa bega la Karani kwa vidole viwili, mguso mdogo tu, kama wa mtu anayebonyeza kengele ya nyumba anayoijua. Akatoka.

Karatasi ya shahidi ilikuwa na swali moja na mistari sita ya maelezo. Swali lilisema: *Wakati wa kujaza fomu, ulifahamu kwamba mwombaji aliwahi kufanya mtihani huu kabla?* Pembeni visanduku viwili. Ndiyo. Hapana.

Karani alishika kalamu. Alimwona Shangazi akiufungua mlango wa duka kwa bega, kama afanyavyo kila siku kwa kuwa kitasa kimelegea. Alimwona akisoma barua ya chuo, miwani yake imeegemea ncha ya pua, akifika kwenye sababu, akifika kwenye neno *kurudia*, akiinua macho na kuuliza, kumbe ndiye yule? Alikiona kile cheti kikishushwa ukutani na alama ya mraba mweupe iliyobaki nyuma yake. Kisha akapata wazo. Wajinga hawakosi mawazo, tatizo huwa ni wingi wake. Akajiambia kwamba ikiwa hakujua yeye, na binti hakukusudia, basi hakuna mkosaji, na pasipo mkosaji hakuna adhabu. Watu wote wanarudi nyumbani.

Akaweka tiki kwenye Hapana. Katika mistari sita akaandika kwamba kompyuta ya kituo ni ya zamani, wakati mwingine huruka, na huenda ilijaza yenyewe.

Afisa alisoma bila haraka.

"Hukufahamu kwamba alirudia?"

"Sikufahamu, mama."

"Na kompyuta huruka."

"Mara mojamoja."

"Niko kwenye kiti hiki mwaka wa kumi na tisa," afisa alisema. "Nimeona kompyuta zikizima, zikiganda, zikila kazi ya wiki nzima. Iliyoruka ikaangukia mahali pa kumfaa mtu, hiyo sijaiona." Akamsogezea karatasi. "Unataka kuibadilisha kabla hujasaini?"

Karani akasaini.

Utaratibu ulitaka mwombaji asome maelezo ya shahidi. Marudio aliitwa. Aliingia na uso ambao Karani angependa kuukumbuka maisha yake yote na ambao asingeuona tena, uso wa mtu aliyekwisha kuanza kupanga vitabu. Akainama mezani, akasoma. Alifika mwisho, akarudi juu, kwenye visanduku. Alikaa hapo muda mrefu.

"Mama," alimwambia afisa, taratibu sana, "huyu alijua. Vyeti vyangu viwili alivitoa kopi kwa mikono yake. Mtaani wananong'ona jina langu, yeye analiita kwa sauti. Naomba umuulize mbele yangu."

Afisa aliivua miwani. Alimkumbusha Karani kwamba ameshasaini, na kwamba kugeuza maelezo sasa ni kukubali ameandika uongo. Kisha akauliza, kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele:

"Ulijua?"

Saa ya ukutani ilisikika. Pangaboi lilizunguka na kuipeperusha pembe ya karatasi. Karani, mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu alipoota meno, aliutazama mhuri uliokuwa juu ya meza na ulimi wake ukakaa mahali pake kama jiwe. Marudio alimsubiri. Alimsubiri hadi afisa akaona aibu kwa niaba yao wote wawili, akauchukua ule mhuri, akaubonyeza kwenye jalada.

Alisema anasikitika. Shahidi hakujua, hivyo kwa karatasi zilivyo aliyeficha ni mwombaji, na adhabu inabaki. Anaweza kukata rufaa. Rufaa za mwaka huu zitasikilizwa mwaka ujao, baada ya nafasi kujazwa.

Korido ilikuwa imejaa vijana na wazazi wao, bahasha mkononi, wakiulizana mlango upi. Marudio alipita katikati yao bila kumgusa mtu. Karani alimfikia kwenye ngazi za nje, akaanza kusema hata kabla hajamfikia. Alieleza kwamba alimfanyia kwa wema. Kwamba mwaka juzi alimjazia ndiyo binti wa mwalimu mmoja, akakataliwa, na tangu hapo akaapa hatamwingiza mpenzi wake kwenye kapu la waliorudia. Kwamba dukani kila siku husikia vyuo havitaki watu wa mara mbili.

"Binti wa mwalimu hakuwa na alama," Marudio alisema. "Ulinisimulia mwenyewe."

"Nilitaka kukukinga."

"Fomu zote za kituo anazisoma nani kabla ya kupigwa mhuri?"

Karani akainyoosha kola ya shati.

"Nani, Karani?"

"Shangazi."

"Shangazi." Alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo nyumba nzima na kumbe uko mlangoni. "Kwa hiyo haikuwa kwa ajili ya chuo. Ulimwambia nini kuhusu mimi?"

Akamweleza. Hakuwa tena na pa kuupeleka uongo, akautua hapohapo ngazini: binti mwingine, safari ya kwanza, jina la utani kwa kuwa alikuwa akirudirudi dukani. Alieleza akiangalia viatu vyake. Marudio alisikiliza hadi mwisho, na sehemu ile ya kurudirudi dukani alitaka kucheka, mdomo ukaanza, ukashindwa.

"Mama anafagia wodi sita kila siku," alisema. "Mwaka mzima niliosoma jikoni, alikuwa anatembea kwa vidole asinikatishe. Jioni nikifika ataniuliza, tumepata? Atasema *tumepata*, siyo *umepata*. Nimjibu nini?"

"Nitakwenda mimi kumwambia."

"Utamwambia kompyuta iliruka?"

Lile lilimpata. Alitaka kumshika mkono, akaona mkono wenyewe umeshikilia bahasha kwa nguvu hadi kucha zimekuwa nyeupe, akauacha. Macho ya Marudio yalikuwa makavu. Yale yaliyokuwa yakiamini kwanza, sasa yalikuwa yakimpitia kama yapitiavyo cheti cha mtu mwingine, jina, tarehe, matokeo.

"Nipe picha yangu," alisema.

"Ipi?"

"Ya nne."

Karani akaitoa kwenye pochi. Ilikuwa imechukua umbo la pochi, imejikunja kidogo pembeni. Binti kwenye picha alikuwa ameambiwa asicheke, na kila aliyemjua angeona kwamba alikuwa anacheka. Marudio aliipokea bila kuiangalia, akaitia kwenye bahasha pamoja na barua, akaibana pembe.

Ndipo Karani alipotoa la mwisho alilokuwa nalo. Hakukuwa na utani ndani yake, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto wa miaka sita aliyeletwa kwa shangazi na mfuko wa nguo.

"Nimefeli leo, najua. Lakini hata wewe ulifeli. Ukarudia, ukafaulu, na mimi ndiye niliyekuwa nikisema kwamba kuteleza si kuanguka. Nipe na mimi nirudie. Mara moja tu."

Marudio alikuwa ameshashuka ngazi mbili. Akageuka.

"Mimi niliporudia, Karani, waliniletea maswali mapya. Wewe umeulizwa swali moja mara tatu, na jibu lake ulikuwa nalo tangu siku ya kwanza."